Laptopu ya mtumba yenye chipu mbovu ya grafiki: shajara ya kazi

Mashine na lengo

Laptopu ya mtumba ya inchi 15.6, prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 3, RAM GB 8, SSD GB 240. Ina chipu mbili za grafiki. Ya kwanza ni Intel HD Graphics 4000, ambayo imo ndani ya prosesa yenyewe. Ya pili ni AMD ya mfululizo wa Radeon HD 7600M, imechomelewa kwenye bodi pamoja na memori yake ya GB 1. Skrini imeunganishwa na Intel peke yake. AMD inachora picha, kisha picha hiyo inanakiliwa kwenda kwa Intel ili ionekane. Mpangilio huu ndio uliotupa matumaini tangu mwanzo, kwa sababu njia ya kufika kwenye skrini haipiti kwenye chipu mbovu.

Dalili wakati wa kuipokea: Windows inaonyesha nembo, skrini inakuwa nyeusi, kisha inakuja skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE, namba 0x116. Mara chache inafaulu kuingia, na hapo Device Manager inaiwekea AMD alama ya njano na Code 43.

Lengo: mashine itumike kila siku kwa Intel pekee, na AMD isipate umeme kabisa. Kuifufua AMD hakumo kwenye mpango. Sababu ziko siku ya 3.

Siku ya 1: ni chipu, ni waya, au ni skrini?

Namba 0x116 haitoshi kuhukumu. Windows huipa chipu ya grafiki sekunde 2 ijibu. Ikikaa kimya, mfumo hujaribu kuianzisha upya pamoja na draiva yake (programu inayoiendesha), na jaribio hilo likishindikana ndipo skrini ya buluu inapokuja. Draiva iliyoharibika inaweza kuleta matokeo yaleyale. Kwa hiyo tuliiacha Windows ilivyo na kuwasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski.

Mara ya kwanza tuliwasha kwa kuongeza `nomodeset`, inayozuia draiva za grafiki zisipande, kwenye mstari wa kuwashia kerneli (kiini cha Linux). Mashine ilikaa saa 2 bila kuganda. Mara ya pili tuliondoa `nomodeset` tukaweka `radeon.modeset=0`, ili Intel ipate draiva yake kamili na AMD iachwe bila draiva. Utulivu uleule. RAM ilipita mizunguko 2 ya memtest86+ bila kosa hata moja. Hadi hapo prosesa, RAM na skrini zimetoka kwenye orodha ya washukiwa.

Mara ya tatu, baada ya mashine kupoa kwa saa nzima, tuliiacha draiva ya radeon ipande na tukaitaka AMD ichore kitu kidogo:

`DRI_PRIME=1 glxgears`

Dirisha lilifunguka. Magurudumu yalizunguka, lakini juu yake kulikuwa na safu wima za vidoti vya kijani na zambarau, zimepangana kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Nje ya dirisha, eneo lote la kazi lilikuwa safi kabisa. Tulipiga picha ya skrini kwa programu na kuihamishia kwenye kompyuta nyingine: vidoti vilikuwemo ndani ya faili. Waya wa skrini ukiwa mbovu, michirizi huonekana kwa macho tu. Kwenye faili haipo, kwa sababu inazaliwa baada ya picha kuondoka kwenye memori. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na lingewaokoa watu wengi wasinunue skrini wasizozihitaji.

Vidoti vinavyorudia kwa nafasi sawa huelekeza kwenye memori ya grafiki au njia zake kati ya memori na chipu. Baada ya dakika 6 hivi dirisha liliganda, na kila kitu kikaganda nalo.

Siku ya 2: CAFEDEAD

Mashine ikiwa na joto, tuliizima na kuiwasha tena papo hapo. Kwenye `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli, kulikuwa na mistari miwili yenye uzito:

`[drm:r600_ring_test] *ERROR* radeon: ring 0 test failed (scratch(0x850C)=0xCAFEDEAD)`
`radeon 0000:01:00.0: disabling GPU acceleration`

Mstari wa kwanza unafaa kueleweka vizuri. Draiva inapopanda, huandika thamani 0xCAFEDEAD kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu. Halafu huiagiza chipu, kupitia foleni yake ya amri, ibadilishe thamani hiyo kuwa 0xDEADBEEF. Kisha inasoma tena na tena kungojea mabadiliko. Hapa ilikuta CAFEDEAD ileile. Maana yake ni kwamba chipu inaonekana kwenye PCIe (njia inayoiunganisha na prosesa) na sehemu zake zinasomeka, ila kitengo kinachotekeleza amri hakikufanya kazi yoyote. Hakuna toleo la draiva litakalotibu hilo.

Ikiwa baridi inalifaulu jaribio hilo. Ikiwa na joto inashindwa. Tulirudia mara 4 kila upande na haikubadilika.

Kuna jambo lingine lililojitokeza siku hii ambalo linaeleza ule mgando wa ghafla anaoulalamikia kila mwenye laptopu ya aina hii. Draiva ya radeon huizima AMD ikiwa haina kazi na kuiamsha ikihitajika. Kila inapoamshwa, jaribio la foleni hurudiwa. Sasa, vitu vinavyoiamsha ni vingi kuliko mtu anavyodhani: kufungua kivinjari, programu ya kusoma joto, hata amri ya `lspci`, inayoorodhesha vifaa, peke yake. Ndiyo maana mashine inaganda sekunde kadhaa ukiwa unaandika barua tu. Kuweka `radeon.runpm=0` huondoa kuamshwa huko, lakini chipu inabaki na umeme muda wote, inazidi kuchemka, na mwisho wake ni mbaya zaidi.

Siku ya 3: kufungua

Chaja imetolewa, betri imetolewa, kitufe cha kuwashia kimeshikiliwa sekunde 20 ili kapasita zitoe umeme uliobaki. Skrubu za chini zimepangwa kwenye karatasi kwa mchoro wa mahali zilipotoka, kwa sababu urefu wake haulingani. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi kwenye bodi au kutokeza chini ya kibodi.

Bomba la joto ni moja kwa prosesa na AMD, likiishia kwenye feni moja. Kati ya feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto kulikuwa na tabaka la vumbi nene kama blanketi. Vumbi la aina hii haliondoki kwa kupuliziwa kutoka nje. Linasukumwa ndani zaidi na kurudi palepale. Feni lazima itolewe.

Pesti ya joto ilikuwa imekauka na kubanduka vipande. Pedi za joto zilizo juu ya chipu za memori ya AMD zilikuwa na unene tofauti: upande mmoja 0.5 mm, na upande wa pili mtu alikuwa ameweka ya 1.5 mm, bila shaka kwa kukosa ya saizi. Pedi nene kupita kiasi huliinua bomba la joto upande mmoja, na chipu inayopaswa kugusana nalo inabaki na nafasi ya hewa. Tulipima kwa kukandika kipande kidogo cha plastisini, kufunga skrubu hadi mwisho, kufungua na kupima unene wake kwa kalipa: 0.5 mm pande zote mbili.

Lililotufanya tunyamaze kidogo lilikuwa ukingoni mwa AMD. Pande tatu kati ya nne kulikuwa na mabaki ya flaksi (kemikali ya kusaidia kuchomelea) ya rangi ya asali, yameganda kama utomvu wa mti, na stika iliyokuwa karibu ilikuwa imekunjamana. Bodi hii imeshachomwa kwa hewa ya moto kabla ya kuuzwa.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kila mahali, kwa hiyo tunaliandika kwa kirefu.

Chipu ya grafiki ina viungio vya aina mbili vya risasi ya kuchomelea. Kuna mipira mikubwa inayoshikanisha kifungashio cha chipu na bodi. Na kuna vinundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinavyoshikanisha silikoni yenyewe na kifungashio, vimezungukwa na gundi maalumu inayojazwa chini ya silikoni. Silikoni na kifungashio hutanuka kwa viwango tofauti vikipata joto. Ukiwasha na kuzima, ukicheza gemu na kuacha, vinundu hivyo hukunjwa huku na huku mpaka vinapata nyufa. Risasi isiyo na madini ya ledi inayotumika kwenye mipira mikubwa huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 220. Anayeichoma chipu kwa bunduki ya joto au kuiweka bodi kwenye oveni mara nyingi hafiki hapo, na akifika bado hajarekebisha ufa wa ndani. Anachofanya ni kutanua vitu hadi nyuso mbili za ufa ziguse tena. Picha inarudi. Inakaa siku, wiki, pengine miezi, halafu ufa unafunguka ulipokuwa. Muda huo unatosha kabisa kuiuza mashine.

Hata kubadilisha mipira yote kwa risasi mpya hakufiki kwenye vinundu vya ndani. Dawa ya kweli ni chipu mpya, isiyotolewa kwenye bodi nyingine, pamoja na mashine ya kuchomelea yenye joto la juu na la chini kwa pamoja. Tatizo la viungio vya ndani si jipya: mwezi Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa, na yenyewe ikataja udhaifu wa malighafi za kifungashio.

Vipimo vya multimita, mashine ikiwa haina umeme: waya za kipimo zikigusana, 0.3 Ω. Koili ya umeme mkuu wa AMD hadi ardhini, 1.4 Ω. Ukiondoa za waya inabaki 1.1. Fundi mgeni akiona namba hii husema ni shoti na kuanza kung'oa kapasita. Si shoti. Chipu kubwa ya grafiki huwa na ukinzani mdogo hivyo kwenye laini yake kuu hata ikiwa nzima. Laini ya memori ya grafiki ilisoma 46 Ω. Hakuna laini iliyokufa, kwa hiyo mashine inaweza kuwaka salama chipu ikiwa mahali pake.

Kilichofanyika: feni na mapezi kusafishwa, pesti ya zamani kufutwa kwa alkoholi ya isopropili ya 99%, pesti mpya kiasi cha punje ya mchele kwa kila chipu, pedi mpya za 0.5 mm, skrubu za bomba kukazwa kwa kufuata namba zilizochapwa juu yake, robo mzunguko kwa zamu. Prosesa ikifanyishwa kazi kamili dakika 15 ilikuwa inafika 95°C na kupunguza kasi. Sasa inasimama 79.

Siku ya 4: draiva imezimwa, umeme haujazimwa

Kwenye BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya mfumo) hakuna chaguo la kuzima grafiki ya pili. Kuna BIOS zilizorekebishwa ili kufungua menyu zilizofichwa, lakini hatukuzigusa: usiandike BIOS yoyote bila kwanza kuisoma chipu yake kwa kifaa cha nje mara mbili na kuhakikisha nakala hizo mbili zinalingana hadi biti ya mwisho. (Vibao vingi vya kusomea chipu, CH341A vya rangi nyeusi, hupeleka volti 5 kwenye njia za data wakati chipu ni ya 3.3. Kirekebishe kibao kwanza.)

Mfumo uliowekwa kwenye SSD ni wa familia ya Debian. Faili `/etc/modprobe.d/zima-radeon.conf`:

`blacklist radeon`
`install radeon /bin/false`

Kisha `sudo update-initramfs -u`. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika: draiva inaweza kupandia ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia ule wa diski) kabla faili lako halijasomwa, na mtu akadhani marufuku haifanyi kazi.

Mashine ikatulia. Lakini angalia matumizi ya betri, mashine ikiwa haina kazi na mwanga wa skrini nusu:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/power_now`

Ilisoma 17600000, yaani wati 17.6. Hiyo ni nyingi kuliko ilivyokuwa wakati draiva ilipokuwa ikijaribu kuilaza chipu. Sababu ni kwamba BIOS huiwasha AMD kila mashine inapowaka, na aliyekuwa na kazi ya kuizima ni draiva ileile tuliyoipiga marufuku. Swichi ya `vgaswitcheroo` nayo haipatikani, maana husajiliwa na draiva hiyohiyo. Chipu iko gizani bila bwana, imewaka, inachemsha bomba moja na prosesa. Wengi huishia hapa na kusema tatizo limekwisha. Kuzima draiva si kuzima chipu.

Siku ya 5: kukata umeme

Amri ya kukata umeme imo kwenye majedwali ya ACPI ya mashine, yaani maelezo ambayo BIOS huupa mfumo kuhusu vifaa na umeme wake. Kwanza, njia ya chipu:

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/firmware_node/path`

Jibu: `\_SB_.PCI0.PEG0.PEGP`. Tukafungua majedwali kwa `iasl -d` na kutafuta `_OFF`. Kwenye DSDT, jedwali kuu, hatukuona kitu. Ilikuwa kwenye SSDT (jedwali la nyongeza) ya nne. Ukitafuta, pitia SSDT zote.

Moduli (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli) ya kuita amri hizo ni `acpi_call`, kifurushi chake ni `acpi-call-dkms`. Secure Boot, ulinzi wa BIOS wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa, moduli isiyotiwa saini hukataliwa. Kwenye mashine hii imezimwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la haraka mno: tuliita `_OFF` moja kwa moja. Umeme ulikatika, `lspci` ikaonyesha `rev ff` (chipu haijibu tena), halafu baada ya sekunde 40 mashine nzima ikaganda. Mkosaji alikuwa 01:00.1, kifaa cha sauti ya HDMI ambacho kimo ndani ya chipu hiyohiyo. Draiva ya `snd_hda_intel` ilikuwa bado inakishikilia na ikaendelea kuzungumza na kitu kisichokuwepo. Utaratibu unaofaa ni kuvitoa vifaa vyote viwili kwenye orodha ya kerneli, sauti kwanza, halafu ndipo kukata:

`echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.1/remove`
`echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/remove`
`echo '\_SB.PCI0.PEG0.PEGP._OFF' > /proc/acpi/call`
`cat /proc/acpi/call`

Amri zote kama root. Jibu la 0x0 maana yake imepita. `Error: AE_NOT_FOUND` maana yake njia si hiyo. Usirushe majina ya kubahatisha moja baada ya jingine, kwa kuwa mengine yanaweza kugusa kitu kingine kabisa.

Wati zilishuka kutoka 17.6 hadi 9.4. Betri ya mtumba iliyobakiwa na Wh 31 kati ya 48 za kiwandani inatoka saa 1 na dakika 45 hadi saa 3 na robo. Feni ilisimama yenyewe kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike.

Mistari hiyo imewekwa kwenye `/usr/local/sbin/kata-amd`, ikiitwa na huduma ya systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) ya aina ya `oneshot`, inayotekelezwa mara moja, yenye `Before=display-manager.service`. Moduli imetajwa kwenye `/etc/modules-load.d/`.

Kwa laptopu ambazo BIOS yake ni ya 2015 na kuendelea, kerneli inaweza kuzima mlango wenyewe wa PCIe bila `acpi_call`. Jaribu hilo kwanza.

Siku ya 6: kulala na kuamka

Kifuniko kikifungwa na kufunguliwa, wati zinarudi 17. BIOS huiwasha AMD upya kila mashine inapoamka, na kerneli haioni kwa kuwa kifaa kimeshatolewa kwenye orodha. Skripti fupi kwenye `/usr/lib/systemd/system-sleep/` huita `_OFF` tena pale hoja ya kwanza inapokuwa `post`. Ipe ruhusa ya kutekelezwa, la sivyo itapuuzwa kimyakimya.

Mizunguko 30 ya kulala na kuamka imefanywa kwa `rtcwake -m mem -s 20`. Yote 30 ilirudi chini ya wati 10.

Upande wa Windows: Disable kwenye Device Manager, si Uninstall, maana ikiondolewa mfumo huisakinisha tena wenyewe. Skrini ya buluu haikurudi, ila chipu inabaki na umeme na feni haisimami. Ndiyo sababu mashine hii imeachiwa Linux peke yake.

Siku ya 13

Kerneli mpya imeingia na masasisho ya kawaida, na feni ikaanza kuzunguka bila kukoma. DKMS ndiyo hujenga moduli upya kwa kila kerneli, na `dkms status` ilionyesha `acpi_call` haijajengwa kwa kerneli mpya: kifurushi cha vichwa vya kerneli hakikuwepo. Kimewekwa, moduli ikajengwa, wati 9.3. `kata-amd` imeongezewa ukaguzi: kama `/proc/acpi/call` haipo, inaishia na kosa badala ya kunyamaza, na jina lake linatokea kwenye `systemctl --failed`.

HDMI imejaribiwa kwa skrini ya nje ya 1920×1080: inafanya kazi, tundu limeunganishwa na Intel. Sauti kupitia HDMI pia inatoka. Kilichobaki ni bawaba ya kushoto, skrubu yake moja imeliwa nyuzi.